Kipimo na Kumbukumbu: Ufuatiliaji wa Hali Mbaya ya Hewa katika Masasi na Newala, 1876–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna hali mbaya ya hewa ilivyofuatiliwa na kuwekewa kumbukumbu katika Masasi na Newala, kusini mashariki mwa Tanzania, tangu kuanzishwa kwa misheni ya Masasi mwaka 1876 hadi kimbunga Hidaya cha mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba eneo hili lina aina mbili za rekodi: namba zilizoandikwa na watu wenye vipimo, na kumbukumbu za wakazi walioishi miaka migumu. Namba zilikatika kila dola ilipoanguka au vita ilipozuka. Kumbukumbu hukatika shahidi anapofariki. Aina hizo mbili hazikuwahi kuunganishwa, na matokeo yake yalionekana wazi vimbunga viliporejea katika karne hii. Insha inapendekeza kwamba mwanahistoria ana kazi ya kufanya hapa, na kwamba muda wa kuifanya umebaki mfupi.

1.0 Utangulizi

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu vipimo vianze kuwekwa, ukiwa umezidi wastani wa kipindi cha 1850–1900 kwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi. Namba hiyo ni ya dunia nzima. Mkulima wa mikorosho wa Newala haioni shambani mwake. Anachokiona ni kwamba mvua imechelewa, maua yamepukutika, au upepo umeng'oa mti uliopandwa na babu yake. Na huamua uzito wa jambo hilo kwa kulilinganisha na miaka aliyoiishi mwenyewe au aliyosimuliwa na wazee wake.

Kutokana na hali hiyo yanazuka maswali matatu. Rekodi inayosemwa kuvunjwa iliwekwa na nani? Inaanzia mwaka gani? Na ni nani anayeikumbuka wakati hatari ileile inapokaribia tena? Historia ya hali ya hewa Afrika Mashariki imezoeleka kuelezwa kama historia ya idara na sheria zake. Insha hii inawatazama zaidi wafuatiliaji, yaani watu waliochunguza mvua, joto na upepo kwa sababu maisha yao, kazi yao au udadisi wao uliwadai kufanya hivyo, hata kama hawakuajiriwa kwa kazi hiyo: mapadri, walimu, wasafiri wa kitaaluma, wakulima na wanawake wachota maji.

2.0 Mazingira ya Eneo la Uchunguzi

Masasi na Newala hutajwa pamoja mara nyingi, lakini hali zake za hewa si moja. Mji wa Masasi uko magharibi mwa nyanda za juu za Makonde, katikati ya milima ya mawe matupu kama Mkomaindo, ambayo hupata moto mchana na kuachia joto lake usiku. Newala iko juu, kwenye ukingo wa magharibi wa nyanda hizo, mahali ambapo ardhi huporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Tofauti ya mwinuko kati ya miji hiyo ni mamia ya mita. Kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita elfu moja za kupanda, tofauti hiyo peke yake inatosha kuifanya siku moja iwe ya joto kali Masasi na ya kustahimilika Newala.

Eneo lote hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kiasi cha wiki ya tatu ya Oktoba na wiki ya tatu ya Februari. Februari mawingu ya mvua huupunguza ukali wake, lakini Oktoba anga huwa jeupe na ardhi imekauka; ndiyo maana joto kali hutangulia mvua. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi hupandisha ukungu na baridi kwenye ukingo wa nyanda.

Maelezo haya yana uzito wa kimbinu. Kipimajoto kikihamishwa kutoka bondeni hadi mlimani, au kutoka uwanja wa wazi hadi kwenye kivuli cha ukuta wa mawe, namba zake hubadilika bila hali ya hewa yenyewe kubadilika. Anayetaka kujua kama rekodi imevunjwa hana budi kwanza kujua kipimo kilisimama wapi.

3.0 Wafuatiliaji wa Mwanzo, 1876–1916

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati alifika Masasi akiwa na watu waliokombolewa kutoka utumwani, waliotoka Unguja. Miaka minne tu kabla ya safari hiyo, tarehe 15 Aprili 1872, Unguja ilikuwa imepigwa na kimbunga kilichozamisha merikebu za Sultani Barghash na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba iliponea, na tangu hapo uzito wa kilimo cha karafuu ukahamia huko. Kwa vyovyote vile, yeyote miongoni mwa walowezi wa Masasi aliyekuwa Unguja mwaka 1872 alibeba kumbukumbu ya kimbunga hadi bara. Kumbukumbu ya kwanza ya tukio la aina hiyo katika Masasi, basi, ilikuwa ya watu wa kawaida, na ilifika kwa miguu.

Wamisionari nao walikuwa watazamaji makini. Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi na Newala, alichapisha mwaka 1880 maelezo juu ya Masasi na eneo la Ruvuma katika jarida la Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London. Maandishi ya aina hiyo yaliieleza nchi, mito na njia zake kwa wasomaji wa Ulaya, na leo ni chanzo muhimu kwa mtafiti. Lakini mwendelezo wake ulikuwa dhaifu. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, waliishambulia Masasi, na misheni ikahamishia kitovu chake Newala, chini ya hifadhi ya Matola, kiongozi wa Wayao. Mwaka 1905, Masasi ilipokwisha kusimama tena, wapiganaji wa Maji Maji waliichoma misheni. Kituo kinachohamishwa mara moja na kuchomwa mara nyingine, ndani ya miaka isiyozidi thelathini, hakiwezi kutoa mfululizo wa vipimo usiokatika.

Mwaka 1906 alifika Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Alikaa Masasi, kisha Newala, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 kinajulikana zaidi kwa habari za jando, ngoma na ufundi. Hata hivyo, anayekisoma kwa jicho la hali ya hewa atakuta humo habari za upepo na baridi ya Newala, na za taabu ya maji juu ya nyanda, ambako udongo wa kichanga hunyonya mvua yote na kuwaacha wakazi bila mto wala kisima. Weule hakuja kupima hewa. Kwa sababu hiyohiyo ushahidi wake una thamani ya pekee: aliandika yale yaliyoudhi mwili wake na yale aliyoyaona yakiamua maisha ya wenyeji.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanzisha huduma ya hali ya hewa yenye makao yake Dar es Salaam, ikitegemea kwa kiasi kikubwa wasomaji wa vipimo walioko katika maboma, misheni na mashamba. Vita Kuu ya Kwanza iliivunja. Wamisionari Waingereza waliwekwa kizuizini, na kazi ya misheni ya Masasi ikaendelezwa na mapadri na walimu Waafrika. Mwaka 1917 majeshi yalipita katika nchi hiyo hadi Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwezi Novemba. Katika mazingira hayo, kusoma kipima mvua kila asubuhi saa tatu halikuwa jambo la kutarajiwa.

4.0 Idara, Karanga na Kimbunga cha 1952

Mwaka 1929 Waingereza walianzisha Huduma ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius, kisiwa kilichokwisha kuvizoea vimbunga. Hivyo, kati ya kuanguka kwa huduma ya Kijerumani na kuanza kwa ile ya Kiingereza palipita zaidi ya miaka kumi. Katika elimu ya hali ya hewa, wastani wa mahali huhesabiwa kwa miaka thelathini. Nchi iliyopoteza muongo mzima huingia katika mipango yake ikiwa na kipimo kifupi.

Hatari ya kipimo kifupi ilidhihirika katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Kongwa, katikati ya nchi, mashine zilianza kazi kabla tabia ya mvua ya mahali hapo haijaeleweka vya kutosha. Ukame na udongo mgumu vikachangia kuuangusha mradi, uliofutwa mwaka 1951. Nachingwea, jirani wa Masasi, ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi huo, na kwa ajili yake zilijengwa reli na bandari mpya ya Mtwara.

Bandari hiyo ilikuwa bado inajengwa pale, tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kilipoipiga pwani ya kusini karibu na Lindi. Kiliua watu na kubomoa majengo. Kutokea kwake siku na mwezi uleule wa kimbunga cha Unguja, baada ya miaka themanini kamili, ni sadfa, lakini mwezi wenyewe si sadfa. Aprili bahari ya Hindi ya magharibi bado ina joto la kutosha kulisha kimbunga. Kwa kawaida pwani ya Tanzania hukingwa na mambo mawili: Madagaska iliyosimama mashariki ya mlango wa Msumbiji, na ukaribu wa ikweta, ambako nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuufanya upepo ujizungushe. Lindi, Mtwara na nyanda za Makonde, zikiwa karibu na latitudo ya nyuzi kumi kusini, ziko mpakani mwa kinga hiyo ya pili. Kimbunga huzifikia mara chache, na uchache huo ndio unaozifanya jamii zisahau.

5.0 Rekodi Zisizo na Kipimajoto

Ingekuwa makosa kudhani kwamba penye pengo la namba hapakuwa na ufuatiliaji. Juu ya nyanda za Makonde ukame ulipimwa kwa miguu. Watu walikuwa wamekimbilia juu kujihami na mashambulizi ya Wangoni na wawindaji wa watumwa, na gharama ya usalama huo ilikuwa maji: wanawake waliteremka ukingoni hadi kwenye chemchemi za bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Chemchemi iliyo karibu ikikauka, safari hurefuka. Mwanamke aliyeanza kutoka alfajiri badala ya asubuhi alikuwa na kipimo cha ukame ambacho hakuna daftari la ofisi lililokiandika. Mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, ulionuia kusukuma maji ya bondeni hadi juu, na misaada ya Finlandi ya miaka ya 1970, vilipunguza mzigo huo kwa kadiri mitambo ilivyofanya kazi. Mtambo ukisimama, kipimo cha zamani hurudi.

Korosho nayo ilizalisha wafuatiliaji wake. Uzalishaji wa Tanzania ulishuka kutoka zaidi ya tani 140,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kuhamishiwa vijijini na bei ndogo vilichangia, lakini kulikuwapo pia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshika machipukizi na maua. Ugonjwa huu hupenda asubuhi za baridi na unyevu, yaani hali ileile ya Juni hadi Agosti inayoutambulisha ukingo wa Newala. Tangu dawa ya salfa ienee, mkulima hulazimika kuchunguza umande, ukungu na utulivu wa upepo kabla ya kupuliza. Mvua isiyo ya msimu ikinyesha maua yakiwa wazi au korosho zikiwa chini, hasara yake huonekana siku ya mnada. Mkulima wa namna hii hufuatilia hali ya hewa kwa umakini usiopungua ule wa mtu mwenye kituo binafsi cha vipimo nyuma ya nyumba yake Ulaya. Tofauti ni kwamba hesabu zake hubaki kichwani.

6.0 Tahadhari Bila Kumbukumbu, 2019–2024

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara ya pamoja ya hali ya hewa ilivunjika nayo, na Tanzania ikalazimika kujenga idara yake. Idara hiyo ilifanywa wakala mwaka 1999, na Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 ikaifanya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Mwaka huohuo, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Wiki sita hivi kabla yake kimbunga Idai kilikuwa kimeangamiza Beira. Mamlaka ilitoa tahadhari kwa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, na huko Mtwara baadhi ya wakazi walihamishwa. Kimbunga kikapita kusini zaidi na Tanzania ikaepuka pigo lake kuu. Kwa upande wa utabiri, tahadhari hiyo ilikuwa mafanikio ambayo watu wa Lindi wa mwaka 1952 hawakuyapata. Kwa upande wa kumbukumbu, miaka sitini na saba ilikuwa imepita. Katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni vijana, aliyeweza kusema "nilikiona cha kwanza" alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Tahadhari ilipewa jamii ambayo sehemu yake kubwa haikuwa na mfano wa kuilinganisha nayo, na tahadhari isiyofuatwa na pigo huacha nyuma yake shaka kwa ajili ya mara ijayo.

Mara ijayo haikuchelewa. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania, kikadhoofika kabla ya kutua. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi. Masasi na Newala, zilizo kiasi cha kilomita mia moja au zaidi kutoka baharini, hazikupigwa na wimbi. Lakini bidhaa, wagonjwa wa rufaa na wanafunzi wanaotoka huko hutegemea barabara hiyo. Ndani ya miaka mitano vimbunga vitatu viliikaribia pwani iliyohesabiwa kuwa salama. Ikiwa huo ni mwanzo wa tabia mpya ya bahari au ni kishada cha bahati mbaya, ni swali linalohitaji mfululizo mrefu, na mfululizo mrefu ndio uliokatwa mwaka 1882, 1905, 1916 na 1977.

7.0 Namba na Shahidi

Inaweza kupingwa kwamba simulizi hazina usahihi wa kisayansi. Hoja hiyo ina uzito, lakini namba nazo huhitaji shahidi. Kwa miaka tisini dunia iliamini kwamba joto kali kuliko yote lilipimwa Al Azizia, Libya, tarehe 13 Septemba 1922: nyuzi 58. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta rekodi hiyo baada ya jopo la wataalamu, wakiwemo wa Libya yenyewe, kurudi kwenye daftari la awali na kuona dalili kwamba msomaji asiye na uzoefu alikikosea kipimo, pengine kwa nyuzi saba hivi. Rekodi ikarudi kwa Death Valley ya Marekani, nyuzi 56.7 za mwaka 1913. Kilichowezesha marekebisho hayo ni karatasi iliyohifadhiwa, pamoja na swali la kihistoria: aliyeandika namba hii alikuwa nani, na alikuwa katika hali gani?

Simulizi huhojiwa kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa utafiti wa Maji Maji ulioongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee walioiona vita ya 1905. Walikwenda miaka sitini na mitatu baada ya vita, wakati wa mwisho ambao mashahidi wa kutosha walikuwa hai, na kazi hiyo ikabadilisha namna vita ile inavyoandikwa. Shahidi wa hali ya hewa anaweza kuulizwa maswali yanayopimika: paa lipi liling'olewa na liliangukia wapi, mkorosho upi ulianguka na ulikuwa na ukubwa gani, maji yalifika hatua ya ngapi ya ngazi ya kanisa, chemchemi ipi ilikauka na ipi haikukauka. Majibu ya watu kumi waliohojiwa mbalimbali, yakilinganishwa na barua za misheni na madaftari ya mvua, hutoa picha ambayo kituo kimoja cha pwani hakiwezi kuitoa.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba ufuatiliaji wa hali ya hewa Masasi na Newala haukuanza na idara, wala haukukoma idara zilipoanguka. Ulifanywa na mmisionari aliyeandika kwa ajili ya London, msafiri aliyelalamikia upepo wa Newala, mwanamke aliyehesabu safari za chemchemi, na mkulima anayesubiri upepo utulie ili apulize salfa. Namba zao na kumbukumbu zao zilihifadhiwa mahali tofauti, na sehemu ya kumbukumbu hazikuhifadhiwa kabisa.

Mapendekezo ni mawili. Kwanza, madaftari ya mvua na joto yaliyobaki katika misheni, shule, hospitali na vituo vya utafiti wa kilimo vya mikoa ya kusini yapigwe picha na kuorodheshwa, pamoja na maelezo ya mahali kipimo kiliposimama na nani alikisoma. Pili, mashahidi wa kimbunga cha 1952 wahojiwe kwa mbinu iliyotumika katika mradi wa Maji Maji. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Aprili ile alitimiza miaka themanini na mbili mwaka 2024. Madaftari yanaweza kusubiri miaka michache zaidi, iwapo mchwa hawatayawahi. Mashahidi hawawezi, kwa hiyo kazi ianze kwao.